Ukuta wa matumbawe unataka chokaa: jinsi ya kukarabati nyumba ya mawe ya zamani

Ukirithi nyumba ya mawe shambani, iwe Mjimwema, Mbweni au Kunduchi hapa Dar es Salaam, isome kwanza wewe mwenyewe kabla hujamwita fundi. Mimi ni mwashi, kazi ya chokaa nilifundishwa na baba, na kuna jambo linaniuma sana: watu wenye nia njema wanaifunika nyumba ya matumbawe kwa simenti, kisha zikipita masika chache ukuta unaanza kuoza kwa ndani.

Anza kwa kupima vyumba. Chumba kikiwa kirefu lakini upana wake hauzidi mita 3 hivi, jua kwamba dari yake ilibebwa na boriti za mikoko, maana boriti haivuki nafasi kubwa zaidi ya hiyo bila kulemewa. Tazama juu ukutani. Matundu ya mviringo yaliyojipanga mstari mmoja ndipo boriti zilipokaa, hata kama leo nyumba imeezekwa mabati. Paa la mwanzo huenda lilikuwa bapa: boriti, juu yake mawe, juu yake tena zege la chokaa lililopondwa hadi likashikana.

Kisha gusa mawe yenyewe. Jiwe zito na gumu lilichimbwa nchi kavu. Jiwe jepesi lenye vijitundu laini lilitolewa baharini. Hilo huchongeka likiwa bado bichi, ndiyo maana utalikuta kwenye fremu za milango na kwenye vidaka, yaani vishubaka vya ukutani.

Ili jicho lako lizoee, nenda Boma la Kale, Barabara ya Sokoine, mkabala na bandari ya boti za Zanzibar. Lilijengwa mwaka 1866 hadi 1867 kwa ajili ya wageni wa Sultan Majid bin Said, wakati anauanzisha mji huu. Ni mawe ya matumbawe matupu, na milango yake ni ya kuchonga kwa mtindo wa Unguja. Limekarabatiwa, na ndani yake kuna kituo cha urithi wa usanifu majengo. Majid alifariki mwaka 1870, mji ukadorora, hadi Wajerumani walipoufanya makao makuu yao mwaka 1891. Kwa hiyo ukikuta mihimili ya chuma au veranda pana imeegemezwa kwenye ukuta mnene wa zamani, mara nyingi hiyo ni nyongeza ya baadaye.

Sasa kazi. Kabla ya kununua chochote, tafuta maji yanakoingilia. Ondoa udongo uliorundikana chini ya ukuta, rekebisha bati linalovuja, peleka maji ya mvua mbali na msingi. Ukipiga lipu kabla ya hapo, umetupa hela.

Gonga ukuta kwa mpini wa nyundo. Penye mlio wa utupu, simenti imeshaachana na jiwe. Ibandue taratibu kwa tindo na nyundo ndogo. Ikishika sana, iache pale kwa sasa, usije ukang'oa uso wa jiwe pamoja nayo. Ukuta wa matumbawe hunywa unyevu na kuutoa nje. Simenti inaufungia ndani, chumvi inajikusanya nyuma yake na kulisaga jiwe likawa unga.

Chokaa ya kununua iwe ile ya ujenzi, iliyochomwa. Chokaa ya kilimo ni jiwe lililosagwa tu, haishiki hata kidogo. Ukipata ya mabonge kutoka tanurini, tia maji kwenye pipa kwanza, ndipo uongeze chokaa kidogo kidogo. Usimwage maji juu ya chokaa: inachemka na kuruka, na inaunguza macho. Vaa miwani na glavu, watoto wakae mbali. Iache izame majini angalau mwezi, ikifika mitatu ni bora zaidi. Hata ile ya unga ya mfukoni, iloweke.

Mchanga uwe wa mto, wenye chenga. Wa pwani una chumvi, na chumvi ndiyo adui uliyekuwa unamfukuza. Changanya ndoo moja ya chokaa kwa tatu za mchanga. Mchanganyiko ukionekana mkavu, uponde kwa muda mrefu kabla ya kufikiria maji, utalainika wenyewe. Vijana wengi huchoka hapa, na hapa ndipo lipu inapopatikana.

Lowesha ukuta jioni, na asubuhi tena. Mashimo makubwa jaza kwa vipande vya mawe na chokaa. Tabaka moja lisizidi milimita 10. Likwaruze, lisubirie wiki moja au zaidi, ndipo upige la pili. Ukuta unaopigwa na jua utundikie magunia yaliyoloweshwa. Chokaa haikomai kwa kukauka tu, hukomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe, jamii ileile ya matumbawe ilikotoka. Miezi ya Juni hadi Septemba, baada ya masika, inafaa.

Mawe ya kuzibia yachukue kwenye vifusi vya nyumba hiyohiyo. Matumbawe hai usiyaguse. Mikoko nayo haikatwi bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Mlango wa kuchonga usiuuze, hata wakija na bei nzuri.

Mwisho paka chokaa nyepesi kama maziwa kwenye ukuta wenye unyevunyevu, mikono minne au mitano, kila mmoja ukauke kwanza. Rangi ya plastiki usipake, inaziba kama simenti. Rudia mkono mmoja kila mwaka kabla ya masika, na ile simenti uliyoiacha igonge tena: ikilia utupu, zamu yake imefika.