Msifagie Kwanza: Namna ya Kutunza Kumbukumbu za Mtoto Aliyetangulia

Msiba wa mtoto ukiingia nyumbani, watu huanza na ufagio. Wageni wanakuja, mikeka inatandikwa, na wanawake wenye nia njema kabisa wanafagia hadi mvunguni. Sasa kama mtoto mwenyewe alikuwa wa kutengenezatengeneza vitu, kama alivyokuwa mtoto wa kaka yangu hapa Tanga, basi kwa macho ya mgeni mali yake yote ni takataka: vifuniko vya soda, vipande vya waya, maboksi ya sabuni yaliyokatwa madirisha. Teueni mtu mmoja siku hiyohiyo. Asiwe mama mtu, huyo msimpe kazi. Shangazi anafaa, au binamu mkubwa mwenye utulivu. Achukue tenga, akusanye kila kilichopita mikononi mwa mtoto, akakiweke kwa jirani. Kuchambua kutafanyika baadaye, hata baada ya arobaini.

Nguo alizovaa mwisho msizifue. Zitieni mfukoni, mfuko ufungwe, apewe mama, maana harufu ya mtoto haidumu. Nyingine gaweni kama desturi yenu ilivyo, ila mama aulizwe kwanza ipi ibaki.

Michoro itafuteni kurasa za nyuma za daftari la hesabu, ndiko wanakochora wote. Kama alichora ukutani kwa mkaa, pigeni picha kabla fundi rangi hajaja. Karatasi zenye rangi za nta msizipeleke steshenari kupigwa lamineshini: mashine ile ina joto, nta inayeyuka na mchoro unaharibika. Sisi wa pwani tuna adui mwingine, unyevu. Albamu za plastiki inayonata hung'ang'ania karatasi, na masika ikipita mnabandua nusu ya mchoro. Wekeni kwenye bahasha za kaki, ndani ya sanduku la bati, juu ya kabati. Kisha nyuma ya kila karatasi andikeni kwa penseli mtoto mwenyewe alisema amechora nini. Hili msilicheleweshe. Tuna mchoro mmoja wa duara lenye miguu sita ambao mtu yeyote angesema ni buibui. Ni bibi yake anakuna nazi. Miguu minne ni ya mbuzi.

Sauti yake iko kwenye simu za watu. Ombeni mapema kwenye kundi la WhatsApp la familia, kabla watu hawajabadili simu. Ndugu wa Muscat huenda wanazo nyingi kuliko nyinyi mliokuwa naye, kwa sababu wao ndio waliokuwa wakitumiwa salamu za Idi. Picha na video wazitume kama dokumenti, maana zikitumwa kawaida WhatsApp huzibana na ubora unapungua. Hifadhini mahali pawili: kwenye barua pepe, na kwenye flashi inayokaa nyumba nyingine.

Kazi kubwa ni kupata wema wake. Ukimuuliza mtu mzima alikuwa mtoto wa namna gani, atakujibu "alikuwa mtoto mzuri, mwenye heshima", na hapo hujapata kitu; maneno hayo anaambiwa kila marehemu. Ulizeni: "Alikufanyia nini?" Anzeni na watoto wenzake, halafu watu wa njiani: muuza mihogo, fundi cherehani, bibi wa nyumba ya pili. Andikeni kwenye kaunta buku, kwa maneno yao wenyewe, na jina la msemaji.

Ndivyo tulivyopata habari ya kuku. Bibi jirani macho yameingia ukungu, na jioni kuku wake walikuwa wakichanganyika na wa wenzake. Mtoto akaomba vitambaa vyekundu kwa fundi, akawafunga kuku wote wa bibi mguuni. Fundi alidhani ni vya mwanasesere, na nyumbani hakuna aliyeambiwa. Tukapata na ya gari. Rafiki yake alivunjika mguu, akafungwa plasta, akawa anashinda barazani. Mwenzake akamtengenezea gari la kopo la maziwa, akalifunga kamba ndefu kupita kawaida, ili mgonjwa alivute kutoka ng'ambo ya uchochoro bila kuinuka. Magurudumu aliyakata kwenye ndala mpya za baba yake. Kaka yangu akaenda swala ya Ijumaa na ndala zenye matundu. Hilo nalo limeandikwa. Utundu msiuache nje. Mkijaza wema mtupu, mama akisoma hatamwona mwanawe humo.

Ndugu zake wadogo waambieni amekufa, kwa neno hilohilo. Mkisema amesafiri watamngoja, mkisema amelala wataogopa kulala. Sanduku wakitaka kulifungua wafungue, wasipotaka waacheni.

Kuhusu hitima, muulizeni baba na shehe mapema, maana si kila familia huisoma. Kwetu picha haitundikwi ukutani, ndiyo maana tumeshikilia sanduku. Majirani zetu Wakatoliki wao wana tarehe 2 Novemba, wanakwenda makaburini kusafisha na kuomba. Siku aliyozaliwa mpigieni mama simu na mtaje jina la mtoto. Wifi yangu anasema watu huliogopa wakidhani watamkumbusha, kana kwamba alikuwa amesahau. Na jamani, msimwambie atapata mwingine.

Kama miaka imeshapita, bado mtaokota. Mwalimu wa darasa la kwanza anaweza kuwa na daftari kabatini. Watoto aliocheza nao wamekua na sasa wanaweza kusimulia vizuri zaidi. Simu za zamani zilizolala kwenye droo zichajini kwanza, msizifomati. Isiyowaka ipelekwe kwa fundi, aambiwe mnataka picha tu, simu anaweza kubaki nayo.