Kuweka afishi ya kandida ku lupango yako: vile ya kufanya

Kila kampanye hapa Lubumbashi, ku komini ya Katuba ao Kenya ao Rwashi, unalala ukuta iko safi, asubui unakuta sura ya mutu ku mulango na hakuna mwenye aliomba ruhusa. Tujue basi vile inapaswa kufanyika.

Mbele ya yote, ukuta ni ya nani? Kama lupango ni yako, weka kandida mwenye unapenda ao ukatale bote, Katiba ya 2006 inalinda mawazo yako na mali yako. Kama uko mupangaji, muombe bayeri (mwenye nyumba), hata kama unalipaka bila kuchelewa, juu batu bakipita bataona ni yeye njo anamuunga mukono ule kandida. Muongee, kisha umutumie mesaji ku WhatsApp ili kibakie kitu ya kuonyesha. Na kama muko familia mingi mu lupango moja, achana na mulango mukubwa, ule unasemea bote, weka yako ku dirisha yako.

Wakati: sheria ya uchaguzi (06/006 ya 2006, ilibadilishwa mpaka 2022) inasema kampanye haipite siku 30 na inafungwa saa 24 mbele ya kura. Mu 2023 ilifunguliwa 19 Novemba, ikafungwa 18 Desemba, kura ikakuwa 20 Desemba. Ungojee CENI (tume ya uchaguzi) ifungue.

Chunga pia mupaka. Poto ya SNEL (kampuni ya umeme) yenye iko mbele ya mulango yako haiko yako, na ukuta ya masomo ya serikali ao ya biro ya komini usijaribu kabisa, ibara ya 36 ya ile sheria ya uchaguzi inakataza kutumia mali ya serikali kwa propaganda na kandida anaweza kufutwa. Ukimupenda, usimutafutie shida.

Kubandika sasa. Kama ni wakati ya mvua, kole ya unga inatoka na rangi ya ukuta na karatasi inabakia vipande vipande, bora banderole: toboa pembe ine, fungisha kamba ku chuma za dirisha, na isifunike namba ya nyumba juu bageni banaitafutaka.

Kama bavijana ya chama babandika bila kuomba, piga foto, umutafute mukubwa wao, umuambie aitoshe. Asipokuya, itoshe mwenyewe polepole, muchana, bajirani bakiona, usipasue ile sura kwa hasira juu mapigano inaanzaka hapo. Ukiona hatari, enda kwa shefu wa kartie. Na afishi ya jirani usiiguse, hata kama kandida yake humupendi hata kidogo!

Kura ikipita, tosha zote, usingojee kandida atume batu. Banderole ya plastiki usiitupe mu muferegi, mvua ya Januari itakosa njia na maji itaingia kwa bajirani, funikia makala yako ya kupikia nayo.