Unataka kuchora katamarani, ile boti ya mitumbwi miwili iliyounganishwa, na uko Kisumu? Anza hivi

Swali la kwanza huwa ni kozi. Ndio, Southampton kule Uingereza wanafundisha usanifu wa meli, ukipata nafasi enda, lakini usikae ukingoja. James Wharram alitoka Uingereza 1955 na katamarani ya futi 23 na nusu aliyojijengea akavuka Atlantic, baadaye akawa anauzia watu michoro wajijengee wenyewe. Kwa wengi hiyo ndio biashara, unauza mchoro, si boti.

Wewe enda ufuo wa Dunga asubuhi watu wa omena wakirudi, usianze na maswali, saidia kuvuta boti nje ndio mgongo wako ujue uzito ni nini.

Sasa daftari. Jumlisha kila kitu, mbao, mlingoti, tanga, watu, hata kamba iliyolowa. Tuseme kilo 300. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo kila mtumbwi kati ya ile miwili lazima usukume kando lita 150 za maji ndio uelee. Ukiwa na urefu wa mita 4.8 na upana wa sentimita 40 pale kwa maji, na umechongoka mbele na nyuma hadi unajaza kama nusu ya boksi yake (urefu mara upana mara kina), utazama karibu sentimita 16. Kama kwa karatasi umeandika 10, futa. Na huo wembamba, urefu mara 12 ya upana, ndio unaifanya ipite bila kuchimba mawimbi makubwa.

Kupinduka nako ni hesabu ya darasa la nane. Mitumbwi ikiwa mita 2 kutoka katikati hadi katikati, chukua 300 zidisha na 1, yaani nusu ya hizo mita 2. Kama kutoka katikati ya tanga hadi katikati ya sehemu iliyo majini ni mita 3, gawanya kwa 3, unapata 100. Upepo ukisukuma kwa kilo 100 mtumbwi mmoja unainuka, na ukishainuka nguvu ya kuurudisha inazidi kupungua tu, ikilala imelala.

Halafu tengeneza modeli. Yangu ya kwanza ilikuwa ya mita moja, nikaunganisha kwa mianzi na misumari, boti ya injini ikapita, wimbi likainua mtumbwi mmoja mwingine ukashuka, mianzi pasu! Siku hizi nafunga kwa kamba vile watu wa ngalawa kule Pwani hufanya, kwa sababu kamba inakubali kucheza kidogo. Usukani nao uchore wa kuinuka, gugumaji haina huruma.

Kompyuta ije baadaye, FREE!ship, programu ya kuchora boti, ni ya bure. Ukimaliza mpe fundi mchoro unyamaze. Wangu aliangalia dakika kumi hivi akaniuliza, "Omera, hivi vipimo ni vya ndani ya mbao ama nje?"

Nikarudi nyumbani kuchora upya.