Imeili ya jina lako: uendeshe seva mwenyewe au ulipie? Anza hivi

Watu wanaoniuliza hili swali karibu wote wanaanzia pasipo, wanauliza "kaka ninunue VPS gani", yaani seva ya kukodi mtandaoni, wakati hata domeni (lile jina linalokaa baada ya @) hawana. Subiri kwanza. Ukinunua domeni, iwe .co.tz, .me.tz au .com ya kawaida, anwani inakuwa ya kwako na unaihamisha unavyotaka, leo iko kwenye seva yako, mwakani umechoka unabadilisha rekodi za MX tu (zile zinazosema barua za domeni yako zipelekwe seva gani) na barua zinaanza kuingia sehemu nyingine na hakuna mtu hata mmoja unayemwambia "jamani nimebadilisha anwani". Mwenye anwani ya @gmail.com hana huo uhuru. Kwahiyo hatua ya kwanza ni ileile njia zote mbili, na ndo maana nasema hili swali la seva au kulipia sio kubwa kama watu wanavyolikuza, ukikosea unarudi nyuma ndani ya siku moja.

Ila domeni yenyewe iheshimu. Lipia miaka kadhaa kwa mpigo kama mfuko unaruhusu, na akaunti ya huko uliponunulia usiifungue kwa imeili ya domeni hiyohiyo, maana siku ikiisha muda wake na ile meseji ya kukukumbusha ulipie inaenda kwenye sanduku lililokufa. Na mtu mwingine akiinunua baada yako anapokea barua zako zote, pamoja na zile za "umesahau paswedi", sasa hapo fikiria mwenyewe.

Haya, sasa kuhosti mwenyewe. Watu wengi wanaogopa kitu ambacho sio. Wanasema umeme ukikatika barua zangu zitapotea. Hazipotei. SMTP, ile lugha ambayo seva zinatumia kutumiana barua, imetengenezwa tangu 1982, enzi ambazo mashine kuzima ilikuwa kitu cha kawaida, seva inayotuma ikikukosa inaweka barua kwenye foleni na kurudia tena na tena, kanuni zake zinashauri isikate tamaa kabla ya siku nne au tano, na Postfix, programu maarufu ya seva za imeili, ukiiacha ilivyo inavumilia siku tano. Mnakumbuka Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilivyokatika mtandao ukawa taabani kabisa hapa Tanzania? Mtu mwenye seva ya imeili nyumbani kipindi kile angechelewa kupata barua, lakini zingekuwa zinamsubiri huko zilikotoka. Kupokea ni rahisi kiukweli.

Shida ni kutuma. Hapo ndipo wanaume wanapolia.

Kama una wazo la kuweka seva nyumbani kwenye Raspberry Pi au laptopu ya zamani, fanya majaribio mawili kabla hujapoteza wikendi yako. La kwanza, fungua rauta uangalie IP (anwani ya namba) ya upande wa nje, halafu linganisha na ile inayoonekana ukitafuta "what is my IP" kwenye kivinjari. Zikitofautiana, hasa ile ya rauta ikianza na 10 au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, ujue uko nyuma ya CGNAT, yaani IP moja mnagawana na mtaa mzima na hakuna barua itakayokufikia moja kwa moja. Intaneti ya laini ya simu nyingi ziko hivyo. La pili andika hii kwenye terminali:

nc -vz gmail-smtp-in.l.google.com 25

Ikiganda bila jibu, kampuni yako ya intaneti imefunga poti 25, mlango ambao seva zinapeana barua, na mchezo umeishia hapo. Na hata ukipita yote mawili bado, maana IP za majumbani nyingi zimeorodheshwa kwenye PBL ya Spamhaus, ambayo ni orodha ya IP ambazo hazitarajiwi kutuma imeili zenyewe, na seva nyingi duniani zinaiangalia kabla ya kukufungulia mlango. Mimi nyumbani nilishasema basi.

Kwahiyo tukisema kuhosti mwenyewe kwa imeili tunamaanisha VPS. Na VPS nazo zina mambo yake: Hetzner mteja mpya anafungiwa poti 25 na 465 mpaka mwezi upite na alipe bili ya kwanza ndo aombe kufunguliwa, DigitalOcean wanafunga 25, 465 na hata 587 (zote ni za kutumia barua), AWS nao 25 imefungwa mpaka uombe. Sio roho mbaya, watumaji wa spamu walikuwa wanafungua mashine asubuhi wanatuma mamilioni ya barua na jioni wanaifuta. Waulize sapoti KABLA ya kulipa, sentensi moja tu: mnaruhusu poti 25 kutoka nje na mnaniruhusu kuseti PTR? PTR ni rekodi inayoipa IP jina, tutaifikia. Wakijibu kwa kuzungukazunguka, ondoka.

Ukishapewa mashine, kabla hujainstoli chochote chukua IP yake uikague kwenye orodha nyeusi (za IP zinazojulikana kwa spamu), tovuti ya MXToolbox inakuangalizia nyingi kwa mara moja. Kama imechafuliwa na mpangaji aliyepita, futa mashine tengeneza nyingine upewe IP nyingine, usianze kuandika barua za kuomba msamaha kwa dhambi za mtu usiyemjua. Halafu PTR: IP inatakiwa ijibu kwa jina, mfano mail.domeniyako, na hilo jina nalo likiulizwa lirudi kwenye IP ileile. Vikipishana unatiliwa shaka.

Alafu ndo zinakuja zile rekodi tatu za kuthibitisha kuwa barua ni yako kweli. SPF ni rekodi ya TXT (mstari wa maandishi kwenye DNS, daftari la domeni yako) inayotaja nani ana ruhusa kutuma kwa jina lako, na iwe MOJA, nimeona watu wengi wanaongeza ya pili wakidhani wanaongeza nguvu, mbili ni kosa na zote zinakuwa bure. DKIM ni sahihi, seva yako inasaini kila barua kwa ufunguo wa siri na ule wa wazi unakaa kwenye DNS. DMARC inamwambia mpokeaji afanye nini kama hizo mbili zimegoma, anza na p=none (usifanye kitu) wiki kadhaa usome ripoti, ukiona salama panda kwenda quarantine (weka kwenye spamu) halafu reject (kataa). Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza, hata mtumaji mdogo anatakiwa awe na SPF au DKIM, PTR iliyonyooka na TLS (kuficha barua ikiwa njiani), na anayetuma kuanzia barua 5,000 kwa siku anatakiwa awe na zote tatu.

Programu zenyewe ndo sehemu rahisi siku hizi. Mail-in-a-Box unaipa mashine tupu ya Ubuntu 22.04 inafanya karibu kila kitu yenyewe pamoja na DNS, ila haitaki kushea mashine na kitu kingine. Mailcow inakaa kwenye Docker (mfumo wa kuendesha kila programu ndani ya kasha lake), nzuri sana kwa muonekano lakini inakula RAM, wenyewe wanapendekeza GB 6. Ukitaka kujifunza kabisa, kaa na Postfix ya kutuma na kupokea, Dovecot ya masanduku na Rspamd ya kuchuja spamu, kwa mkono, faili moja moja, utaumia ila utaelewa imeili kuliko watu wengi wa IT unaowajua.

Mimi nilikuwa na seva yangu karibu miaka miwili. Kila kitu kijani, mail-tester, tovuti ya kupima barua, wananipa 10 kwa 10, najiona bingwa. Siku moja nikatuma CV ya mdogo wangu kwa jamaa aliyekuwa anatafuta fundi wa mitandao ofisini kwao. Wiki mbili kimya. Nikampigia, ananiambia "kaka mbona hukutuma, nafasi tumeshampa mtu." Nikafungua logi za seva yangu, imeandikwa wazi 250 OK, yaani upande wa pili walikubali kupokea. Tukaja kuikuta kwenye folda ya spamu yake. Hapo ndo nikaelewa kuwa 250 maana yake ni "tumeipokea", kama mlinzi wa getini anavyopokea bahasha, bosi akiiona au asiione hiyo ni habari nyingine, na wewe hakuna sehemu utakayoona hilo. IP yako haina historia, unatuma barua tano kwa wiki, wakubwa hawakujui, na hakuna rekodi ya DNS inayoweza kununua ujulikane.

Nyingine ilikuwa Jumamosi niko Moshi kwenye harusi, diski ikajaa logi. Postfix ikaanza kuwajibu watu 452, nafasi haitoshi, rudini baadae. Niko na simu, mtandao unasuasua, nimevaa suti, najaribu kufuta faili kwa SSH (kuingia kwenye seva kwa mbali) kwenye kioo kidogo hivi. Nikaacha. Jumatatu nikasafisha na barua zote zikaingia zenyewe, hakuna hata moja iliyopotea, ila siku mbili zile sikuweza kupata namba ya siri ya kuingia sehemu yoyote inayotuma hizo namba kwa imeili, na nilikuwa nahitaji moja ya benki.

Sasa kulipia. Kuna kitu hapa katikati kinachowachanganya watu wengi, ile imeili inayokuja bure ukinunua hosting ya tovuti ya bei chee yenye cPanel. Hiyo sio huduma ya imeili, ni nyongeza. IP ya kutumia mnashea na mamia ya tovuti, jirani mmoja WordPress yake ikidukuliwa na kuanza kutuma spamu, nyote mnaingia orodha nyeusi. Kwa fomu ya mawasiliano ya tovuti sawa, kwa imeili yako ya maisha hapana.

Ninaposema kulipia nawasema wale ambao kazi yao ni hiyo: Fastmail wa Australia, Proton wa Uswisi, mailbox.org wa Ujerumani, Migadu, Zoho, na wakubwa Google Workspace na Microsoft 365. Usichague kwa tangazo, angalia mambo machache. Wanachaji kwa kichwa au kwa matumizi? Workspace na 365 ni kwa kichwa, familia ya watu sita hesabu inapanda haraka, Migadu wao wanahesabu kiasi cha barua na sio idadi ya masanduku, lakini mpango wao wa chini una kikomo kidogo cha kutuma kwa siku. Kuna IMAP ya kawaida, yaani njia ya programu yoyote kusoma na kunakili barua zako? Proton ukitaka kusomea kwenye programu kama Thunderbird lazima upitie programu yao ya Bridge ambayo ni ya wanaolipa, Tuta, kampuni nyingine, hawana IMAP kabisa, Zoho ya bure nayo haikupi. Bila IMAP kuhama baadae ni kazi, na mimi kitu kisicho na mlango wa kutokea sikiingii.

Malipo: wengi wanataka kadi, ile Visa ya mtandaoni ya M-Pesa inafanya kazi sehemu nyingi ila salio likiwa sifuri siku ya kukatwa, basi. Lipia mwaka mzima mara moja na weka kikumbusho kwenye simu wiki mbili kabla.

Kuhusu pesa tusidanganyane, VPS ya kawaida ni dola nne mpaka sita kwa mwezi na bado bakapu, na huduma nyingi za kulipia kwa mtu mmoja zinacheza humohumo. Ukihosti mwenyewe hauokoi hela. Faragha je? Kidogo. Kama watu unaoandikiana nao wako Gmail, nakala ya kila mnachoongea iko Gmail, na mwenye mashine ya VPS anaweza kuifikia diski yako akitaka. Sababu nzuri za kuhosti ninazozijua ni kujifunza, na kutaka masanduku mengi makubwa bila mtu kukuhesabia GB.

Kama bado moyo unakuvuta, kuna njia ya nusu kwa nusu. Pokea kwenye seva yako, tuma kupitia kampuni ya kupitishia kama Amazon SES, ambao ni senti 10 za dola kwa barua 1,000, au SMTP2GO. Kwenye Postfix ni mstari wa relayhost kwenye poti 587 pamoja na jina na paswedi, halafu unafuata maelekezo yao ya SPF na DKIM. Poti 25 ya kutoka ikiwa imefungwa haikuhusu tena, unahitaji ya kuingia tu.

Mimi nilihama. Domeni yangu, huduma ya kulipia, na kila usiku laptopu moja ya zamani nyumbani inavuta nakala ya barua zote kwa programu ya mbsync, umeme ukikatika itavuta kesho. Seva ipo bado, kwenye domeni ya pili, ya kuchezea. Na paswedi ya akaunti ya domeni iko kwenye bahasha kwa mke wangu, maana seva niliyoiseti mimi kwa mkono hakuna mtu nyumbani angeiweza nikilazwa hata wiki.

Ukitaka kuhama ni hivi: siku moja au mbili kabla shusha TTL ya MX (muda ambao wengine wanaikumbuka kabla ya kuiuliza tena) iwe sekunde 300, tengeneza masanduku yote kule kupya, weka DKIM yao na urekebishe SPF ileile moja, kisha badilisha MX usiku watu wamelala. Barua za zamani zihamishe kwa programu ya imapsync, acha ikimbie yenyewe hata masaa kadhaa. Seva ya zamani usiizime haraka. Mimi niliiacha siku kumi, na siku ya nane ikaingia risiti moja kutoka mfumo fulani ambao sijui ulikuwa umekariri wapi ile IP ya zamani.