Somo: Dar hadi Bagamoyo kwa baiskeli, kulala hemani, na kurudi ukiwa bado unaweza kukaa kitini

Tangu niseme kwamba nilikwenda Bagamoyo kwa baiskeli, nikalala ufukweni na kurudi kesho yake, simu yangu haipumui. Naandika mara moja, kila mtu asome hapa, mniache nile chakula changu.

Wengi mnauliza kilomita. Kilomita si kitu. Kutoka Mwenge hadi Bagamoyo mjini ni kama 60, na anayenyonga baiskeli kwenda kazini kila siku anaziweza. Kinachowaangusha watu ni kurudi. Siku ya pili ngozi imeungua, makalio yamevimba, upepo umegeuka adui, na hela ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, haipo. Kwa hiyo somo hili nimelipanga kwa ajili ya kurudi. Kwenda kutajipa kwenyewe.

Hatua ya 1: Uliza upepo kabla ya kuuliza njia

Barabara inafuata pwani kuelekea kaskazini. Miezi ya kusi, upepo utokao kusini, kuanzia kama Mei hadi Septemba, unakusukuma mgongoni unapokwenda. Unajiona bingwa, unapita watu, unapiga picha. Kesho yake upepo uleule unakungoja usoni. Miezi ya kaskazi, upepo utokao kaskazini, Desemba hadi Machi, ni kinyume chake: unateseka kwenda ukiwa bado na nguvu, unarudi unasukumwa. Kwa hesabu za upepo peke yake kaskazi ndiyo bora, ila joto lake ni la kupikia.

Mimi nachagua Juni hadi Agosti, kusi na yote. Jua haliwezi kukwepwa, upepo unakwepeka: alfajiri huwa umelala, unaanza kuamka jua likishapanda. Ukiondoka Bagamoyo saa 11 alfajiri, ikifika saa 3 asubuhi umeshamaliza sehemu kubwa ya njia kabla upepo haujakushika koo.

Masika msijaribu. Mvua yenyewe haiui mtu, lakini shimo lililojaa maji huwezi kujua kina chake, na dereva aliyefungwa na mvua kwenye kioo hakuoni.

Hatua ya 2: Kiti

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wanaume wazima wamelia mbele yangu.

Kwanza urefu. Egemea ukuta, panda, weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke. Ukisogeza sasa unyayo wa mbele kwenye pedeli, goti litapinda kidogo tu, na hapo ndipo pake. Baiskeli nyingi naziona zimeshushwa viti ili mwenyewe akisimama akanyage chini kwa raha. Raha hiyo utailipa kwa magoti ukifika Boko.

Pili, kiti laini kama mto ni mtego. Sponji inabonyea chini ya mifupa, halafu inavimba katikati, pale pasipotakiwa kuguswa. Kiti kigumu kiasi, chenye upana unaolingana na mifupa yako ya kukalia, kinauma siku mbili za kwanza kisha mnazoeana.

Tatu, mshono. Jinzi hapana. Kaptura ya baiskeli yenye pedi inavaliwa bila chupi, jamani, bila chupi, nimeshajibu swali hili mara kumi. Paka mafuta ya mgando kwenye mapaja kabla ya kuondoka, usingoje pachubuke. Na kila robo saa inuka kitini, nyonga umesimama hatua kumi ishirini, damu ipite.

Hatua ya 3: Matairi, na mdomo wa tyubu

Mwaka wa kwanza nilinunua tyubu ya akiba kwenye duka moja mjini bila kuitazama. Pancha ikanipata Kerege. Nikavua tairi kwa mbwembwe, nikatoa tyubu mpya: mdomo mwembamba wa baiskeli za mashindano. Pampu yangu ilikuwa ya mdomo mnene, kama wa gari. Fundi wa kijiweni akaja na ya kwake, ya Phoenix, ambayo nayo ina mdomo wake wa tatu kabisa. Tukasimama pale na pampu mbili na tyubu moja, hakuna kinachoingia kwa mwenzie. Mwisho fundi akaziba ile tyubu ya zamani kwa kiraka na solusheni, akanitoza bila hata kunionea huruma, na alikuwa sahihi.

Basi: tazama mdomo wa tyubu zako, pampu yako na za wenzako kabla ya safari. Kama matundu ya rimu yanaruhusu, mdomo mnene ndio wa kwetu, kila kijiwe cha bodaboda kina upepo wake. Upepo wa kujaza umeandikwa ubavuni mwa tairi. Ukibeba mzigo, jaza karibu na kiwango cha juu.

Ukiziba mwenyewe, acha solusheni ikauke dakika kadhaa ndipo ubandike kiraka. Wenye haraka hubandika ikiwa mbichi, kiraka kinateleza kama konokono. Na kabla hujarudisha tyubu, pitisha vidole polepole ndani ya tairi. Matairi ya malori yakipasuka yanaacha vijiwaya vyembamba pembeni mwa barabara, na kijiwaya kimoja usichokitoa kitakupa pancha tatu.

Hatua ya 4: Mzigo

Uweke kwenye keria, chini, pande mbili zikilingana. Begi la mgongoni linakuloweka jasho na kuhamishia uzito kwenye makalio, na tumeshaongea habari za makalio. Hema, shuka, kandambili, tochi, spana, viraka, pampu, tyubu mbili, kitambulisho, dawa ya mbu. Kamba za mpira mbili zaidi ya unazodhani zinatosha.

Hatua ya 5: Njia yenyewe

Ondoka Mwenge saa 11 alfajiri, taa mbele na nyuma, kofia ngumu kichwani. Hadi Tegeta barabara ni pana na daladala bado ni chache. Tahadhari yako ni zile zinazokupita kisha zinakatisha ghafla mbele yako kuingia kituoni. Usimfuate daladala kwa karibu hata kama anakukinga upepo. Hapo Tegeta malori ya saruji yanaanza kazi mapema, uwe umeshapita.

Boko, Bunju, halafu unateremka kwenye bonde la mto Mpiji, ambao ndio mpaka wa Dar es Salaam na mkoa wa Pwani. Mteremko ni mtamu, ila baada ya mto kuna kupanda. Shusha gia kabla ya kilima, usingoje cheni ianze kulia. Kutoka hapo ni Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo, vilima vidogovidogo visivyoua mtu. Barabara ni nyembamba zaidi, kwa hiyo mkiwa kundi nendeni mmoja nyuma ya mwenzie. Stori za bega kwa bega subirini Bagamoyo.

Kula kabla ya njaa, kunywa kabla ya kiu. Chupa ya nusu lita kila saa ndiyo kiwango cha chini, jua likichoma fikisha lita. Maji matupu siku nzima hayatoshi, jasho linaondoka na chumvi: karanga za chumvi, dafu, yai la kuchemsha na chumvi yake. Supu nzito na chapati nne saa 12 asubuhi ni kosa nililolifanya mara moja. Mlima wa Mpiji ulinikumbusha kila chapati kwa jina.

Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, na mapumziko mawili ya chai, saa 4 asubuhi unanusa bahari. Mchana wote ni wako. Lala kivulini, kisha jioni nenda magofu ya Kaole, kama kilomita 5 kusini ya mji, ukaone msikiti unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13.

Hatua ya 6: Kulala

Usisimamishe hema popote kama aliyetoroka jela. Omba. Wenye hoteli na nyumba za ufukweni wengi watakupa kona kwa pesa kidogo, na choo juu yake. Ukiwa nje ya hapo, mwenyekiti wa mtaa ajue upo.

Usilale chini ya mnazi. Najua kivuli chake ni kizuri na picha inapendeza. Nazi haichagui.

Tazama mwezi. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, bahari iko kwenye bamvua, maji yanapanda juu kuliko siku nyingine. Tafuta mstari wa mwani na takataka uliobaki mchangani, uhame juu yake tena kwa hatua nyingi. Vigingi vya hema mchangani havishiki: jaza mchanga kwenye mfuko, funga kamba, fukia. Makumbi ya nazi yakifuka moshi upande unakotoka upepo yanasaidia kwa mbu, lakini moshi haukukingi na malaria, funga zipu ya hema. Baiskeli zifungwe pamoja, na kamba nyembamba itoke kwenye gurudumu hadi kwenye kidole chako cha mguu. Mnacheka. Mimi bado ninayo baiskeli yangu.

Hatua ya 7: Kurudi

Saa 11 alfajiri, tena. Hema likunjwe giza lingalipo. Kwenye kusi pokezaneni mbele, kila mmoja dakika tano akikata upepo, wengine wajifiche nyuma yake. Aliye mzito zaidi ndiye kivuli bora, msimnyanyase.

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana wa Tabata: Mkuu, mimi nina Phoenix ya marehemu babu, haina gia hata moja. Nitafika kweli au nitawachelewesha?

Jibu: Utakutana na wabeba mkaa wanaoingia mjini na magunia kwenye baiskeli kama hiyohiyo, halafu uniulize tena. Utafika. Pale Mpiji shuka usukume, hakuna aibu. Kagua breki za vyuma, zile raba zake zikiisha huwa zinapiga kelele tu bila kushika, na mteremko unakuja kabla ya kilima.

Babu Gia: Babu yake alikuwa anakwenda nayo Bagamoyo na kurudi siku hiyohiyo, na samaki juu. Nyie mnaandika somo.

Jibu: Shikamoo mzee. Hatubishi.

Mama Wawili: Asante kwa somo kaka. Ila umeandika kama wote tunavaa kaptura. Sisi wa hijabu na nguo ndefu je?

Jibu: Umenishika, dada yangu, na samahani. Shangazi yangu mmoja ndiye mwalimu wangu kwa hili: kaptura ya pedi ndani, suruali nyepesi juu, gauni la kuishia magotini lenye mpasuo pembeni. Mguu wa kulia wa suruali ufungwe kwa ukanda wa mpira, upande wa cheni. Dera liache nyumbani, linapenda sana spoki. Mtandio wa kitambaa cha kunyonya jasho, mwepesi, bila pini chini ya kofia ngumu.

Mama Wawili: Na kidole cha mguu nifunge kamba na mimi?

Jibu: Wewe mfunge mumeo.

Mpenda Kona: Vidole vya mikono vinakufa ganzi nikipita kilomita 20. Nibadilishe usukani?

Jibu: Kabla hujatumia hela, tazama kiti. Kikiinamia mbele kinakumwaga juu ya mikono, uzito wote unabebwa na viganja. Kiweke sawa na ardhi, legeza viwiko, na badilisha namna ya kushika kila baada ya muda. Ganzi ikibaki hata ukishashuka siku nzima, mwone daktari.

Mtoto wa Tanga: Mimi nikifika Bagamoyo nataka niendelee hadi Pangani kwa njia ya Saadani. Si ni pwani hiyohiyo?

Jibu: Ni pwani hiyohiyo yenye simba na tembo. Njia hiyo inapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, si ya kuingia na kengele ya baiskeli peke yake. Ulizeni kwanza wenye hifadhi nini kinaruhusiwa, na msipewe ushauri huo na mtu wa kijiweni. Kwa Tanga, pinda kwenye lami ya Bagamoyo hadi Msata, kisha ufuate barabara kuu ya Segera. Ni ndefu na ina mabasi ya haraka, lakini basi huwa linapiga honi.

Kijana wa Tabata: Kilomita 60 kwenda, 60 kurudi, na hema juu. Hii si mateso?

Jibu: Chuma na Susi, watumishi wa mvumbuzi Livingstone, na wenzao walibeba mwili wake kwa miguu kutoka kwa Chitambo, huko ambako leo ni Zambia, wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874, baada ya miezi kama tisa. Ukifika pale misheni ya Bagamoyo, mwili ulikofikishwa, uende ukasimame kidogo, halafu uniambie habari za keria yako.

Babu Gia: Na hawakuwa na kaptura za pedi.

Mpenda Kona: Na nikishindwa katikati?

Jibu: Unasimamisha kirikuu, mnaelewana bei kabla baiskeli haijapakiwa, unarudi. Hatutacheka mbele yako.

Mama Wawili: Tunakwenda lini sasa?

Jibu: Jumamosi ya wiki ijayo, mwezi haujafika mpevu, maji hayatatusumbua. Mwenge, kwenye vinyago, saa 11 kamili. Atakayechelewa atatukuta Tegeta kwenye chai.

Kijana wa Tabata: Nipo. Ila pampu ya Phoenix sina, nani anayo?

Babu Gia: Ninayo mimi. Nitakuja nayo mwenyewe.