Picha za buluu kwa mwani na jua, bila kamera

Mwani unaoanikwa Paje na Jambiani, Zanzibar, unaweza kutoa picha kabla haujatiwa maguniani. Karatasi hupakwa dawa inayogeuka buluu juani, na mwani uliolazwa juu yake huacha kivuli cheupe. Njia yenyewe, sayanotaipu, ni ya zamani: mwanasayansi John Herschel aliivumbua Uingereza mwaka 1842, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Anna Atkins akaanza kuchapa kwayo vivuli vya mwani wa kwao.

Dawa ni mbili, kila moja na chupa yake. Yeyusha gramu 25 za feriki amonia sitreti katika mililita 100 za maji ya mvua yaliyochujwa, na gramu 10 za potasiamu ferisayanaidi katika mililita 100 nyingine. Mizani ya jikoni haiaminiki kwa uzito mdogo hivi. Azima ya sonara. Vaa glavu, na ferisayanaidi isikutane na asidi kali wala moto, kwani hutoa hewa ya sumu. Changanya sawa kwa sawa, kiasi cha siku hiyo tu. Mililita 3 zinatosha karatasi ya A4.

Paka ndani, kwenye mwanga hafifu, kwa brashi ya sponji. Yenye shingo ya chuma huacha madoa. Kausha gizani mpaka ikauke kweli. Wakati wa masika wengi huharibikiwa hapa: karatasi ikishika unyevu, sehemu za kubaki nyeupe hutoka na ukungu wa buluu.

Mwani suuza chumvi, kisha ukandamize ndani ya magazeti usiku kucha. Laza juu ya karatasi, funika kwa kioo, bana. Jua la saa sita mchana linataka dakika 5 hadi 10, lakini tazama rangi kuliko saa: manjano ya kijani hugeuka buluu, kisha kijivu cha majivu. Ukitoa ikiwa bado buluu, karibu yote itaondoka na maji.

Hadi hapo una nakala ya mmea tu. Picha huwa yako unapoingilia kati: nyanyua tawi moja katikati ya muda, libaki kama kivuli hafifu, weka kiganja badala ya jani, au nyunyiza siki na chembe za bizari ya manjano wakati dawa ya kwenye karatasi bado mbichi, uone inavyochirizika. Hili la mwisho halirudiwi mara mbili sawasawa, na ndiyo raha yake.

Osha dakika 5 hadi 10, ukibadilisha maji mpaka umanjano uishe. Maji ya visima vya mwambani hufifisha buluu, basi kamulia ndimu moja kwenye ndoo ya kwanza. Sabuni usiiguse. Rangi hukolea kamili baada ya siku nzima.

Ukitaka kahawia, chovya picha kavu kwenye maji yenye kijiko cha magadi mpaka buluu ipauke, suuza, kisha iloweke kwenye chai ya rangi nzito. Iangalie mara kwa mara, maana ikikaa sana hata weupe wa karatasi hushika chai.