Wakili mpya, mambo ya kuzingatia kabla hujasimama mbele ya hakimu

Umeapishwa mbele ya Jaji Mkuu, picha za joho zimezunguka kwenye simu za ukoo mzima. Hongera. Lakini bado huruhusiwi kumwakilisha mtu. Sheria ya Mawakili ya Kenya, Sura ya 16, inataka mambo matatu kwa pamoja: uwe umeapishwa, jina lako liwe kwenye Daftari la Mawakili, na uwe na leseni ya mwaka inayofanya kazi siku hiyo. Hilo la tatu ndilo linalowaangusha vijana.

Fungua akaunti yako ya LSK, yaani Chama cha Mawakili cha Kenya, kwa barua pepe yako binafsi, si ya ofisi. Weka nakala za vyeti na risiti zote. Usikimbilie kufungua ofisi yako: sheria inataka kwanza miaka 2 mfululizo ya kuajiriwa, kwa mfano chini ya wakili aliyefanya kazi hii miaka isiyopungua 5.

Sasa nisikilize kuhusu tarehe.

Mimi niliapishwa Novemba. Nikalipia leseni wiki hiyohiyo, nikahesabu miezi 12 kichwani: hadi Novemba ijayo niko salama. Leseni ya uwakili haihesabiwi hivyo. Mwaka wake ni Januari 1 hadi Desemba 31, hata kama umelipa Desemba. Yangu iliisha usiku wa mwaka mpya, nami niko ufuoni Mama Ngina, Mombasa, natazama fataki.

Katikati ya Januari nikatia saini hati ya madai ya mama mmoja wa Likoni, kesi ya kiwanja. Mwajiri alidhani nimelipa. Mimi sikujua kuna cha kulipa. Februari tukaitwa. Mama alivuka na feri ya alfajiri, karatasi zake za kiwanja amezifunga ndani ya kanga kuukuu. Sijamaliza kujitambulisha, wakili wa upande wa pili akainuka na simu mkononi: amelitafuta jina langu kwenye orodha ya LSK, halina leseni ya mwaka ule. Hakimu akaniambia niketi nyuma. Kesi ikasogezwa miezi miwili. Tulipofika kwenye ngazi, mama akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kwani wewe si wakili?"

Sikupata la kumjibu. Mpaka leo nikiona kanga imefungwa fundo vile, namkumbuka.

Nililipa siku ileile, lakini nilikuwa nimechelewa. Leseni ikitolewa ndani ya Januari, huhesabiwa tangu Januari 1. Ikitolewa baada ya hapo, huanza siku ilipotolewa, na siku za nyuma zinabaki wazi. Saini yangu ilikuwa kwenye siku hizo. Utaambiwa kwamba Mahakama ya Juu mwaka 2015, katika kesi ya National Bank of Kenya na Anaj Warehousing, ilisema hati haibatiliki kwa sababu tu wakili aliyeiandaa hakuwa na leseni. Ni kweli, na ni haki, maana mteja hana kosa. Lakini kinga hiyo ni ya mteja. Wewe unabaki na kosa la kinidhamu.

Kwa hiyo kabla hujakubali kazi, uliza nani atalipa leseni na michango ya chama, na jibu liandikwe kwenye barua ya ajira. Wapo waajiri wanaolipa kisha wakakata kwenye mshahara. Sawa, ila ujue mapema. Mshahara wa kuanzia ni mdogo, na Januari ina kodi ya nyumba na karo za wadogo zako. Anza kuweka akiba Septemba.

Pointi za CPD, yaani mafunzo endelevu ya mawakili, ni 5 kwa mwaka. Usizikimbilie Desemba. Hudhuria semina mapema, kisha hakikisha pointi zimeingia kwenye akaunti yako.

Usimpe karani pesa taslimu akulipie. Lipa mwenyewe kwenye mfumo wa LSK. Usimwazime mtu muhuri wako. Mwenzako asiye na leseni asikuombe utie saini kazi ambayo hujaisoma, hata kama mlisoma pamoja. Na Januari, kabla ya kugusa faili yoyote, litafute jina lako kwenye ile orodha kama atakavyolitafuta mpinzani wako.